Nzuri, Ila

Watu wa msiba walipokwisha kutawanyika, viti vya kukodi vikarudishwa na turubai likakunjwa, Fundi Makochi alianza kwenda kila asubuhi nyumbani kwa mama wa marehemu, binti mmoja msusi wa mtaani. Anapiga hodi. Kimya. Anapiga tena. Sauti kutoka ndani inauliza, "Nani?" Anajitaja. "Habari za asubuhi, mama?" "Nzuri." Basi, imekwisha. Komeo haliguswi, mlango haufunguki, na mzee wa watu anabaki amesimama pale barazani, kofia mkononi, mpaka jua linamfikia usoni. Halafu anarudi kwake. Majirani wakaanza kunong'ona. Wengine walisema uzee umempanda kichwani. Wale wenye ndimi zisizo na breki walisema mengine, na mimi siyarudii hapa.

Hakuwa amechanganyikiwa hata chembe. Alikuwa na swali moja limemkaa kooni, halishuki wala halitoki, na mtu pekee aliyebaki wa kumjibu alikuwa nyuma ya mlango ule. Alitaka kujua yule binti alikuwa anataka kumwambia nini asubuhi yake ya mwisho.

Lakini nikianzia hapo nitakuwa nimewaonea. Ngoja nimseme mzee mwenyewe kwanza.

Jina lake la kuzaliwa lilishasahaulika zamani. Hata marehemu mkewe alikuwa akimwita Fundi. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndiyo karakana, na hakuna pa kukanyaga. Springi zimening'inia ukutani, mabaki ya sponji yamejaa kwenye magunia, makochi ya watu yamesimama uchi, mbao nje nje, yakingoja kuvalishwa. Ana tabia ya kuweka vile vimisumari vyake vidogo mdomoni akiwa kazini, kwa hiyo ukimsemesha anakujibu kwa pembe ya mdomo, na asiyemjua hudhani anadharauliwa. Ukimletea kochi halitazami. Analikalia tu, anajisogeza kidogo huku, kidogo kule, kisha anakuambia, "Hii ya kushoto imechoka. Na nyinyi kwenu kuna mtu mnene anapenda upande wa dirishani." Watu wanacheka, lakini ni kweli.

Mdomo wake ulikuwa mkali. Mteja akilalamika kochi limekufa mapema, anaambiwa, "Halikufa, mmeliua. Watoto wenu wanalirukia mnawachekea." Mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa akimnyamazisha, mkewe, na hakuhitaji kusema neno, anamtazama tu. Mkewe alipofariki, ukali ukaondoka na maneno yote mengine. Watoto wake wawili wako mbali, wanapiga simu Jumapili, wanauliza habari, wanaambiwa nzuri, wanakata. Fundi akawa mtu wa kupigilia misumari na kunyamaza.

Mtaa huo una kikundi. Kina jina refu limeandikwa kwenye bango, lakini hakuna anayelitumia. Watu wanawaita Wapiga Hodi. Kilianza kwa aibu. Kuna mzee mhunzi alifia chumbani mwake na hakuna aliyejua mpaka harufu ikawaambia. Mtaa mzima ulijiinamia. Ndipo Mwalimu, mama aliyestaafu kufundisha chekechea, akasema haiwezekani watu waishi ukuta kwa ukuta halafu mtu afe kama paka wa jalalani. Akawakusanya vijana, akampa kila mmoja mzee wake. Kila asubuhi kijana anapita, anapiga hodi, anamsalimia mzee, anakwenda kwenye shughuli zake. Jumamosi wote wanakutana kwenye darasa la chekechea, wazee wanakalia vile viti vidogo vya watoto, magoti yamefika masikioni, wanafundishwa simu na vijana, nao wanawafundisha vijana kushona kifungo na kunoa kisu.

Mwalimu alipofika kwa Fundi, alikataliwa papo hapo. "Mimi si mgonjwa," Fundi alisema kupitia misumari yake. "Sitaki kuhesabiwa jioni na asubuhi kama kuku."

"Nani kasema unahesabiwa? Unasalimiwa tu, Fundi. Au hata salamu utaikataa?"

Hapo alinaswa. Mtu gani anakataa salamu?

Akaletewa binti msusi. Saluni yake ilikuwa kona ya pili, chumba kimoja chenye kioo na kiti kimoja cha mteja. Alikuwa mwembamba, mcheshi, kila mara vipande vya nywele za bandia vimemshika kwenye nguo, na mwenye haraka kupita maelezo. "Hodi babu! Habari za asubuhi?" "Nzuri." "Haya babu, siku njema!" Kabla mzee hajageuza shingo, kandambili zinasikika zikiishia kwenye kona. Akambandika jina: Bi Haraka.

Asubuhi moja Fundi alikuwa ameamka na goti limevimba, hajaweza hata kusimama kuchemsha chai. Binti akaja. "Habari za asubuhi babu?" "Nzuri," akajibu mzee, na alipofungua tena mdomo, binti alikuwa keshafika njiani. Ee bwana, ule ukali uliokuwa umelala ukaamka wote kwa mara moja.

"We Bi Haraka! Rudi hapa!"

Akarudi mbio, macho yamemtoka. "Kuna nini babu?"

"Wewe umefundishwa kusalimia na nani? Mtu akikuambia nzuri, hujasikia kitu bado. Nzuri ni nzuri ya adabu tu. Unangoja ila."

"Ila ipi?"

"Nzuri, ila goti limenikaza. Nzuri, ila sijanywa chai. Nzuri, ila mwenzangu alifariki na nyumba imekuwa kubwa. Habari yenyewe iko baada ya ila, na wewe kila siku unaondoka kabla haijafika!"

Binti akamtazama. "Sasa babu, kwa nini usianze na goti?"

"Nianze na goti kabla ya salamu? Mimi sina adabu?"

Binti alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Kisha akaingia, akachemsha chai, akamkanda goti, na saluni siku hiyo ilichelewa kufunguliwa. Kuanzia hapo akawa hatoki mlangoni mpaka akisikie kilichobaki. Anasimama, nyusi juu, anasema, "Nzuri... eeh? Ila?" na mzee anatoa. Siku nyingine ni paa linavuja. Siku nyingine ni mteja msumbufu. Siku moja ilikuwa, "Nzuri, ila leo ndiyo tarehe aliyofariki bibi yenu," na binti akaketi juu ya gunia la sponji, akamshikia kitambaa huku mzee akipigilia, machozi yakimdondokea mkononi. Mzee hakuwahi kulia mbele ya mtu. Alilia mbele ya yule mtoto, na hakuona aibu.

Jumamosi binti akalipeleka jambo hilo kikundini. Akasimama mbele ya viti vya watoto akawaigiza wote, wazee kwa vijana, watu wakavunjika mbavu. Lakini lilishika. Vijana wakaanza kungoja ila, na wazee, ambao miaka yote walikuwa "wazuri", wakaanza kufunguka. Kumbe bibi mmoja alikuwa akikaa gizani kwa kuwa hafiki kwenye balbu. Kumbe dereva mstaafu alikuwa akimeza dawa kwa kubahatisha kwa kuwa maandishi ya chupa ni madogo. Mwalimu akamsifu Fundi hadharani, na Fundi akavimba kichwa, mwacheni, alistahili. Akawa akipita njiani anatembea kama mwenye mtaa.

Kwa shukrani alimtengenezea binti kiti cha wateja, sponji nene, ngozi nyekundu. Binti akakikalia akazunguka nacho kama mtoto. "Na wewe mwenyewe unakaa wapi?" mzee akamuuliza.

"Msusi hakai babu. Ukikaa mikono haifiki."

Mzee akatikisa kichwa tu. Nawaambieni ukweli, katika miezi yote ile, hilo lilikuwa karibu swali pekee alilowahi kumuuliza. Ndivyo kikundi kilivyopangwa. Kijana anauliza, mzee anajibu. Hakuna aliyewaza kwamba kijana naye ana ya kwake, na Fundi, aliyeivumbua ila, hakuwaza kuliko wote.

Siku yenyewe ilimkuta na kazi ya mahameli. Mahameli ina upande: ukiipapasa kushuka inalala, ukiipapasa kupanda inasimama. Fundi alikuwa ameikata mgongo unashuka, makalio yanapanda, kochi zima likaonekana rangi mbili. Kosa la mwanafunzi! Alikuwa amefura, anajitukana mwenyewe, misumari mdomoni, aliposikia hodi.

"Karibu."

Binti aliingia taratibu. Hilo alilikumbuka baadaye, kwamba aliingia taratibu, yule ambaye hajawahi kuingia taratibu mahali.

"Habari za asubuhi babu?"

"Nzuri, ila njoo uone maajabu!" Akamwaga yote: mahameli, macho yake, mkasi wake, mteja anayekuja Ijumaa. Binti alisikiliza ameegemea kochi. Mzee alipoishiwa pumzi, ndipo akakumbuka utu. "Na wewe je? Habari yako?"

"Nzuri babu. Ila..."

"Ila!" Mzee akaangua kicheko. "Na wewe una ila? Umri huo? Ila ni za wazee, mama, wewe bado. Hebu shika hapa, vuta. Vuta kwa nguvu!"

Binti naye akacheka. Akashika mahameli, akavuta, mzee akapigilia. Walipomaliza upande ule akasema, "Haya babu, siku njema," akaondoka. Fundi hakuinua kichwa.

Alasiri Mwalimu alikuja. Alisimama mlangoni bila kupiga hodi, jambo ambalo si la kawaida yake.

"Habari za mchana, Fundi?"

"Nzuri. Za kwako?"

"Nzuri," alisema Mwalimu. Kisha akashika fremu ya mlango. Fundi akatema misumari kiganjani. Akangoja. "Ila binti yetu ametutoka, Fundi. Msusi. Amedondoka saluni, mkono uko kwenye kichwa cha mteja. Hawakuwahi hata kufika naye hospitali."

Fundi alisema, "Asubuhi alikuwa hapa." Akairudia. Akairudia tena mbele ya kila aliyeingia, kama vile akiwashawishi watu wa kutosha, binti atakuwa bado yupo.

Daktari alisema damu iliganda mguuni ikapanda mpaka kwenye mapafu. Msibani kina mama walisema wao walimwona anachechemea, wengine tangu juzi yake, wengine tangu wiki iliyopita. Fundi aliyasikia hayo akiwa amekaa upande wa wanaume, na uji aliopewa akaurudisha. Anachechemea! Yeye ambaye anakalia kochi na kujua springi gani imechoka, alikuwa anatembelewa na mtu anayechechemea, na hakuona. Alimwona, hakumtazama.

Sasa ila ile ilikuwa ya nini? Hapo ndipo usingizi ulipomkimbia. Labda ilikuwa ya mguu. Au labda ilikuwa ya mchumba, au ya kuhama, au ya mteja aliyemkera, kijineno tu cha asubuhi ambacho kingepita. Kama ilikuwa kijineno, basi binti alikwenda kwa kuwa siku zake zilifika. Kama ilikuwa ya mguu, basi yeye ndiye aliyemkabidhi kitambaa avute. Kati ya hayo mawili mzee hakuweza kula wala kupigilia msumari, na mteja wa mahameli alikuja Ijumaa akaondoka na kochi lake nusu uchi.

Mwalimu alimsihi asiende kwa mama wa binti. "Hata ukijua, itakusaidia nini?"

"Sitafuti msaada. Nataka kujua."

"Na mama yake je? Unataka kumtonesha?"

Hilo lilimchoma, kwa kuwa ni kweli. Lakini alikwenda. Akaanza zile hodi nilizowaambia, na zile "nzuri" za nyuma ya mlango.

Mama wa msusi anapiga pasi nguo za watu. Watu walikuwa wameanza kurudi na mafurushi yao, maana msiba wa mtu mmoja haukunjui shati la mwingine, na asubuhi hizo Fundi alikuwa akisikia pasi ikigongwa mezani huku akiwa amesimama nje. Asubuhi moja aliuliza kama kawaida, akajibiwa kama kawaida, na hakuondoka. Jua likamfikia usoni, likampita. Pasi ikaacha kugonga. Komeo likalia.

Mama alitoka, kitenge kimefungwa kifuani, macho mekundu ya mvuke na ya kulia. "Mzee wangu, unataka nini kwangu? Kila siku! Nimekujibu, nimekuambia nzuri."

"Nimesikia. Nangoja iliyobaki."

Mama aliachia komeo. "Hayo maneno," akasema, "mwanangu aliyaleta humu ndani. Kila jioni, mama, habari ya leo? Nzuri. Eeh, ila? Alinichosha mimi. Nikamwambia peleka huko huko kwa wazee wenu." Akajaribu kucheka, kicheko kikageuka njiani, akaketi palepale kwenye kizingiti. Fundi naye akaketi, kwa shida, goti lake linalalamika.

"Mama, mwanao alitaka kuniambia neno," alisema. "Asubuhi ile. Nataka kujua ni neno gani. Kama unalijua niambie, kama hulijui nitakwenda zangu wala sitakusumbua tena."

Mama alikaa akiisugua alama ya moto mkononi mwake. Alipoanza kusema, alisema akitazama chini.

"Jioni ya kuamkia siku ile aliniambia, mama, kigimbi cha mguu kinaniuma. Akanionyesha. Nikagusa, kilikuwa cha moto. Akasema nataka twende hospitali. Na mimi nina mlima wa nguo mezani. Nikamwambia ni kusimama huko, sisi sote tunasimama, mbona hatufi? Kanda na maji ya moto, vumilia. Akakanda. Hakubisha, yule mtoto hakuwa mbishi. Akasema, basi mama, kesho nitamwambia babu, babu atanipeleka."

Fundi alishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Tangu tumzike najiuliza hilo tu," mama akasema, na sasa akamwinulia uso. "Sikufungua mlango kwa sababu hiyo, nilikuwa naogopa utakachojibu. Alikuambia?"

Njia ya kutokea ilikuwepo, wazi kabisa. Angeweza kusema hapana, hakuniambia, alipita na haraka zake kama kawaida. Nani angembishia? Mama angebaki na lake, yeye angebaki na lake, kila mtu na mlango wake.

"Alianza," Fundi alisema. "Alisema nzuri babu, ila. Nikamcheka. Nikamwambia ila ni za wazee. Nikampa kitambaa avute, akavuta, kwa mguu ule ule. Nisamehe, mama. Nilimkatiza."

Alingoja apigwe kofi, au atukanwe, na angeshukuru kwa lolote kati ya hayo. Mama hakunyanyua mkono. Machozi yalikuwa yanamtiririka bila sauti, naye hayafuti.

"Kwako alianza tu," akasema. "Kwangu alimaliza."

Walikaa kwenye kizingiti kimoja, bega kwa bega, mlango wazi nyuma yao na meza imejaa nguo za watu. Jirani mmoja akapita na kikapu cha mboga, akapunguza mwendo.

"Habari zenu, wazazi wangu?"

"Nzuri," wakajibu wote wawili kwa pamoja.

"Haya, asubuhi njema," akasema jirani, akaenda zake.